Uwanja wa kuku kando ya bustani: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Malalamiko ya wafugaji wa nyumbani yanafanana sana. Kuku wameruka wakamaliza mchicha. Kuna kitu kimeingia usiku. Uwanja umekuwa tope na unanuka. Nyanya zimestawi majani matupu. Mayai yamekatika. Mara nyingi mtu anakimbilia duka la dawa za mifugo kabla hajainama kuangalia chini: mguu wa wavu, unyevu wa sakafu, na maji ya mvua yanakoelekea. Huko chini ndiko matatizo mengi yanakoanzia, na mengi hurekebishika kwa jembe, nyundo na misumari ya U.

Tafuta dalili yako, kisha fuata vyanzo kwa mpangilio ulioandikwa. Cha kwanza ndicho kinachotokea zaidi.

Vipimo vya kulinganishia

Kuku 10 wakubwa wa kienyeji wanahitaji banda la kulala la mita 2 kwa 1.5 na uwanja wa mita 4 kwa 6. Mzunguko wa uwanja huo ni mita 20: nguzo 10 zenye nafasi ya mita 2, na moja ya ziada ya kushikia mlango. Nguzo ya mita 2.4 ichimbiwe sentimita 60, ibaki mita 1.8 juu, ambao ndio upana wa wavu wa futi 6. Roli moja la mita 30 linatosha ukuta na sketi. Mita 20 ni za ukuta. Mita 10 zilizobaki zikate kwa urefu wake vipande vitatu vyenye upana wa sentimita 60, upate mita 30 za sketi, yaani wavu unaolazwa ardhini kwa nje ukiwa umeshonwa na wavu wa ukuta.

Banda lielekee mashariki na magharibi kwa urefu wake ili jua la mchana lisipige ndani. Kati ya wavu na tuta la kwanza la mboga acha njia ya sentimita 60. Wengi huibana njia hii wakiona ni ardhi inayopotea, lakini ndiyo inayokuwezesha kukagua mguu wa wavu bila kukanyaga mboga.

Kuku wanaingia bustanini

Kwanza jua wanapita wapi. Asubuhi mwaga majivu laini kuzunguka wavu kwa nje, mstari wa upana wa kiganja. Rudi saa sita mchana usome nyayo.

*Mlango.* Mlango wa mbao hupinda baada ya msimu mmoja wa mvua, ukaacha pengo kwenye kona ya chini. Komeo moja la katikati haliwezi kuzuia kona hiyo. Weka makomeo mawili, moja juu na moja chini, na kizingiti cha ubao kinachosimama sentimita 15 juu ya ardhi. Bawaba zifungwe mlango ufungukie ndani, ili kuku wanaousukuma wawe wanaufunga.

*Chini ya wavu.* Kuku hupenda kuoga vumbi kandokando ya wavu, na kila siku shimo linaongezeka. Pigilia mabanzi au ubao wa sentimita 20 hadi 30 chini ya wavu kwa ndani, kuzunguka uwanja wote. Ubao huo unazuia kuparua na pia unazuia maranda yasimwagikie bustanini. Kisha wape mahali pao pa kuoga katikati ya uwanja, penye kivuli: mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, kwenye tairi la zamani au beseni pana.

*Juu.* Kuku wa kienyeji mwepesi anavuka mita 1.8 endapo ana pa kutua. Ubao uliopigiliwa juu ya wavu kwa ajili ya urembo ndio kituo chake. Ung'oe, wavu wa juu ubaki laini bila fito. Sogeza pia banda, ndoo au kichanja chochote kilicho karibu na wavu kwa ndani. Akiendelea kuruka, kata manyoya makubwa ya mwisho wa bawa, yale 10 ya nje, upande mmoja tu, ukiacha karibu nusu ya urefu. Ukikata pande zote mbili anabaki na mizani na ataruka tu. Angalia shina la unyoya kabla ya kukata: likiwa jeusi au jekundu kwa ndani lina damu, liache. Manyoya yataota tena baada ya kuku kunyonyoka, hivyo kazi hii hurudiwa.

*Hamu ya majani.* Uwanja usio na jani hata moja humfanya kuku atafute njia kutwa nzima. Funga mafungu ya mchicha, matembele au majani ya kabeji kwenye kamba, yaning'inie usawa wa kichwa cha kuku. Maganda mabichi ya muhogo usiwape, yana sumu. Maganda na kokwa za parachichi pia.

Kuku wanapotea au wanauawa

Usibadilishe kitu chochote kabla hujaangalia mabaki. Namna kuku alivyokufa inakuonyesha adui na mahali alipopita, na ukikosea adui utatumia fedha kuziba tundu lisilohusika.

Vifaranga wanapungua mchana, hakuna damu wala manyoya: kunguru au mwewe. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu ndiye mshukiwa wa kwanza, na huiba mayai pia. Vifaranga wakae chini ya tenga au kwenye kizimba chenye wavu juu kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Kuwatisha kunguru kwa makopo na vitambaa hufanya kazi siku chache, kisha wanazoea.

Kuku kadhaa wameuawa usiku mmoja na wengi hawajaliwa: kama wavu umebonyea au kuchanika na manyoya yametapakaa, ni mbwa. Kama wavu uko salama na majeraha ni madogo ya shingoni na kichwani, fikiria kicheche. Mnyama huyu mwembamba huingia kwenye pengo ambalo mtu hulipuuza, hasa pale paa linapokutana na ukuta wa banda. Nguchiro anaua namna hiyohiyo, ila aina nyingi za nguchiro hutembea mchana.

Kuku yupo lakini kichwa hakipo, na mwili uko kando ya wavu: alilala ameegemea wavu akavutwa kutoka nje. Vichanja vya kulalia viwe sentimita 40 kutoka kwenye wavu.

Mayai yametoweka bila hata ganda: nyoka, kenge, au mkono wa mtu. Maganda yametapakaa na ute umemwagika: panya, au kuku mwenyewe amejifunza kula mayai. Kagua midomo ya kuku jioni. Ute wa njano uliokauka mdomoni unamaliza ubishi.

Vifaranga au kuku anayelalia amekutwa amefunikwa na wadudu: siafu. Hamisha kuku wote kwanza, mambo mengine baadaye. Zungushia banda majivu makavu na uondoe mabaki ya chakula na mayai yaliyovunjika. Usimwage mafuta ya taa ndani ya banda lenye maranda. Cheche moja ya jiko inatosha kuteketeza banda na nyumba ya jirani.

Marekebisho yafuate mpangilio huu:

1. Ziba mapengo yote yanayoweza kupitisha vidole viwili, kuanzia chini kwenda juu, ukimalizia chini ya paa.
2. Laza sketi ya sentimita 60 kwa nje, ishone na wavu wa ukuta kwa waya wa kufungia kila sentimita 15, weka mawe, kisha fukia kwa udongo kidogo. Mnyama huanza kuchimba palepale wavu unapogusa ardhi. Akikuta wavu chini ya kucha zake haendi kuanza mbali zaidi.
3. Wavu wa kawaida wa kuku wenye tundu la inchi moja humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii panya mdogo wala nyoka. Sehemu ya chini ya uwanja mpaka sentimita 60, na madirisha yote ya banda, yafunike kwa wavu mgumu wa matundu ya mraba ya nusu inchi, ule unaotumika kuanikia kahawa.
4. Ondoa chakula jioni. Chakula kinacholala nje kinaleta panya, na panya wanaleta nyoka. Hifadhi pumba na mashudu kwenye ndoo au pipa lenye mfuniko wa kubana.

Simama hapa uite mtu. Ukimkuta nyoka ndani ya banda usiingize mkono wala kuinama kumtazama. Swila hutema sumu machoni. Macho yakipatwa yaoshe kwa maji mengi mfululizo na uende hospitali siku hiyohiyo. Na usiunganishe kamwe umeme wa nyumbani kwenye wavu ili kumkomesha mwizi au mnyama. Wavu ukiwa umelowa unamuua mtoto aliyefuata mpira. Hata taa ya uwanjani ifungwe na fundi umeme.

Uwanja una tope na unanuka

Kuku mmoja mkubwa hutoa karibu gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku. Kuku 10 ni kilo moja kila siku, na kilo hiyo hainuki ikiwa kavu. Tatizo ni maji.

Anza na paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 2.5 kwa 2 likinyeshewa milimita 40, mvua ya kawaida ya masika, linamwaga lita 200 mlangoni mwa banda. Hilo ni pipa zima. Funga gata upande wa mteremko wa paa, maji yaingie kwenye pipa, uyatumie kumwagilia bustani. Marekebisho haya peke yake huponya viwanja vingi, na bado ndiyo yanayofanywa mwisho.

Pili, maji ya mteremko. Simama uwanjani mvua ikinyesha uone yanakotokea. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 upande wa juu, uzunguke uwanja na kutokea mbali na kisima. Uwanja wenyewe uwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima cha maji ya kunywa.

Tatu, chombo cha maji kinachovuja au kupinduliwa. Kiinue juu ya tofali, ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku.

Nne, sakafu. Kwangua tope la juu sentimita 5 hadi 10, weka mchanga mnene sentimita 10, kisha maranda, pumba za mpunga au majani makavu sentimita 10 juu yake. Vumbi laini la msumeno usilitumie, linashika maji na kuota ukungu. Wengine humwaga chokaa juu ya maranda mabichi wakitegemea kuua harufu. Chokaa hapo huzidisha kutoka kwa amonia, hewa kali ya kinyesi inayowasha macho. Ondoa kwanza maranda yaliyolowa, kausha, ndipo uweke mapya.

Kipimo chake ni rahisi: chuchumaa ndani ya banda alfajiri, pua ikiwa sentimita 30 juu ya sakafu. Macho yakikuwasha, kuku wanaunguzwa macho na mapafu usiku kucha.

Kama umefanya yote hayo na tope linarudi, hesabu kuku. Uwanja wa mita za mraba 24 haubebi kuku 40. Na kama maji yanayochuruzika yanatoka kwenye karo la choo, hamisha kuku na uite fundi. Usichimbe mwenyewe karibu na karo.

Mboga zinaungua, zinadumaa au hazizai

Kingo za majani zimekauka na kuwa kahawia ndani ya wiki moja baada ya kuweka samadi: umeweka samadi mbichi. Ikusanye na kuiondoa, mwagilia lita 20 kwa kila mita ya mraba, rudia kesho yake. Mche ulioungua shina hautapona, ung'oe.

Nyanya, pilipili au bilinganya zina majani mengi ya kijani kibichi lakini maua machache: naitrojeni imezidi. Acha samadi ya kuku kabisa msimu huo.

Mstari wa mboga ulio karibu na wavu tu ndio unaonyauka: maji ya uwanjani yanapenya. Rudi kwenye mfereji na ubao wa chini.

Majani yameliwa, lakini si lazima ni kuku. Kuku hurarua jani kuanzia ukingoni na kuacha vipande. Kiwavi hutoboa matundu katikati na kuacha vinyesi vidogo vyeusi. Konokono huacha utelezi unaong'aa asubuhi.

Mboji nzuri hutengenezwa hivi. Changanya ndoo moja ya samadi na ndoo mbili au tatu za maranda, mabua au majani makavu. Lundo liwe la mita moja kila upande, unyevu wake uwe wa kutoa tone moja mbili ukikamua mkononi. Chomeka chuma katikati. Kikichomolewa baada ya dakika chache kiwe cha moto kukishika. Geuza kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Baada ya miezi 2 hadi 3 itakuwa nyeusi, inanukia udongo, na chuma hakipati joto tena. Hapo debe moja la lita 20 linatosha tuta la mita 1 kwa 6.

Samadi isiyoiva ina vimelea vya kuharisha. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, kama karoti, saladi, nyanya na kotimiri, iache ardhini siku 120 kabla ya kuvuna, au tumia mboji iliyoiva tu.

Dawa za bustani ndiko kwenye hatari kubwa. Usipulize upepo ukielekea uwanjani, na majani au magugu yaliyopulizwa yasiingie kwa kuku mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Kuku akitoa mate, akitetemeka na kushindwa kusimama muda mfupi baada ya kupuliza, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa. Usiwachinje waliobaki kwa haraka ili kuokoa nyama. Hiyo nyama inaweza kuwa na sumu.

Mayai yamepungua

Tafuta kiota kwanza. Kuku anayetoka nje hutaga kwenye matembele, chini ya maboga au nyuma ya lundo la mabanzi. Wafungie ndani mpaka saa nane mchana kwa siku tatu. Mayai yakirudi, jibu umelipata. Kila kuku wanne au watano wapate kiota kimoja cha sentimita 30 kila upande, chenye giza kidogo.

Halafu kumbuka asili yao. Kuku wa kienyeji hutaga fungu la mayai 10 hadi 15, kisha hulalia. Huo si ugonjwa. Kama hutaki alalie, mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, chakula na maji yakiwepo, siku tatu au nne.

Maji yafuatie. Kuku anayetaga hunywa robo lita kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Akihema mdomo wazi na kutanua mabawa, kivuli hakitoshi. Pandisha pasheni au maboga juu ya wavu, mizizi ikiwa upande wa bustani ili wasiiparue.

Ganda laini au jembamba linataka kalsiamu: maganda ya konokono au chaza yaliyosagwa, kwenye chombo cha peke yake, kila kuku achukue kiasi anachohitaji. Kunyonyoka manyoya husimamisha utagaji kwa wiki kadhaa, wala hakuna dawa yake.

Utitiri mwekundu husahaulika sana kwa sababu mchana hauonekani. Usiku ingia na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya vichanja. Madoa mekundu ni damu ya kuku wako. Toa maranda yote, mwagia maji ya moto kwenye nyufa, paka poda ya kuua wadudu ambayo lebo yake inataja kuku, na rudia baada ya siku 7, kwa kuwa mayai ya utitiri huanguliwa ndani ya muda huo.

Kuku wanaumwa: mambo ambayo uwanja hauponyi

Vifaranga wa wiki 3 hadi 8 wakijikunyata na kutoa kinyesi chenye damu, kwenye sakafu yenye unyevu, ni dalili za koksidia, ugonjwa wa kuharisha damu. Kausha sakafu siku hiyohiyo na umwone mtaalamu wa mifugo kuhusu dawa ya amprolium na kipimo chake. Ukitoa dawa na sakafu ikabaki mbichi, ugonjwa utarudi.

Kuku wakikoroma, wakitoa kinyesi cha kijani, wakipooza au kupinda shingo, na wakafa mfululizo, fikiria kideri. Hakina tiba. Kinachofanya kazi ni chanjo ya I-2 inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, tone moja kwenye jicho moja kila baada ya miezi 3, kwa kuku wenye afya tu. Antibayotiki haiui kirusi cha kideri, kwa hiyo usipoteze fedha wala siku kwayo.

Vifo vya ghafla vya kuku wengi kwa wakati mmoja ni jambo la kumpigia afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo kabla ya kugusa kitu. Usiuze waliobaki, usiwapeleke kwa ndugu, usile waliokufa. Akishawaona au kuchukua sampuli, wazike kwenye shimo la mita moja lenye chokaa, mbali na kisima na nje ya matuta ya mboga, na viatu ulivyovaa uwanjani visiingie kwenye banda la jirani.